Kutu Chini ya Rangi

Fundi cherehani alitaka kusinzia, lakini mama muuza samaki wa kiti cha mbele alikuwa akimsimulia abiria mwenye tai habari za pikapu yake.

"Chesi, ule uti wa chini unaobeba gari, naikwangua kutu, naiosha chumvi, ikikauka ndipo napuliza mafuta mazito. Yananuka na kudondoka, ila yanapenya mpaka ndani."

"Mambo ya kizamani hayo, mama. Puliza ile lami nyeusi, gari ling'ae."

"Shemeji yangu alisema hivyohivyo. Akaipuliza juu ya kutu ya pikapu yake, kisha akanicheka mwaka mzima. Kutu ukiifunika, umeitandikia kitanda!"

Fundi, aliyezoea kuletewa nguo zilizooza azitie viraka, usingizi ukamruka.

"Haya, yako nzima?" akauliza mwenye tai.

"Buheri wa afya!"

"Sasa mbona umepanda basi?"

"Kuna mtu kaja kuiazima, tena kwa adabu."

Basi likasimama kwenye makutano. Mbele yao ikapita pikapu kuukuu inayodondosha mafuta, ikivuta kwa kamba pikapu nyingine nyeusi tii, inayometameta, iliyobonyea katikati kama kitanda kilichokatika mbao. Aliyeshika usukani wa ile nyeusi alijifanya haoni mtu.

Mama akafungua dirisha. "Shemeji! Kweli inang'aa!"