Nusu Kichwa cha Shemeji

Basi la kwenda ubalozini lilikuwa kimya, ila kinyozi alikuwa na la kusema. Mwanawe alikuwa anaoa nchi jirani Jumamosi.

"Viza walininyima juzi, dada. Wanataka ushahidi kwamba nitarudi. Mke na watoto sita eti hawatoshi!"

Muuza vitambaa aliyeketi kando yake akacheka. "Leo umewapelekea nini?"

Kinyozi akaonyesha kiti cha nyuma. Shemeji yake alikuwa amenyolewa upande mmoja, upande wa pili msitu mtupu.

"Huo namalizia nikirudi."

"Wakikunyima tena, kaka?"

"Namalizia leo leo."

Basi likasimama. Shemeji akatangulia kushuka, akiomba dua. Muuza vitambaa hakuthubutu kuuliza anaomba nini.