Fundi Grisi na Sufuria ya Mkewe

"Nani amefagia uwanja wangu?"

Ndivyo marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Fundi Grisi, alivyofoka Februari mwaka huu, akiwa kitandani, hawezi kusimama bila kushikwa. Aliyefagia ni binti yake mkubwa, kwa kuwa wageni walikuwa njiani kuja kumjulia hali. Vipuri vya trekta la marehemu baba yetu, vilivyopangwa juu ya magunia, alivizoa vyote akavimwaga kwenye sufuria. "Ungenizika kwanza," baba yake alimwambia, "ndipo ufagie." Ugomvi huo tutaurudia.

Fundi Grisi alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, wa kwanza kati ya watoto watano. Alimaliza darasa la saba mwaka 1972, na huko shuleni alikumbukwa kwa kufungua pampu ya kisima ambayo haikuwa mbovu. Wenzake walibeba maji kichwani hadi mwalimu mkuu alipokubali kwamba aliyeifungua ndiye aifunge. Ikafungika, na haikuvuja hata tone.

Mwaka 1974 aliajiriwa kufagia karakana ya ushirika wa wakulima. Kufagia kulimshinda, maana kila alichookota alikaa kukichunguza, wakaona bora wampe spana. Karakana ilipofungwa mwaka 2003 aliihamishia uwanjani kwake. Alifufua plau, mashine za kupukuchua mahindi, na matrekta ambayo kuku walikuwa wakitagia kwenye viti vyake. Kila kipuri alichofungua alikilaza chini kwa mpangilio, cha kwanza hadi cha mwisho, na ole wake atakayekisogeza. Kazi ikiisha hakuwasha yeye. Alimwita mwenye mali awashe. "Nikiiwasha mimi," alisema, "itanizoea mimi, wewe itakununia."

Alifunga ndoa mwaka 1983. Wiki hiyohiyo aliazima sufuria ambayo mkewe alipewa na mama yake, aloweke boliti zilizoshika kutu kwenye dizeli. "Kwa leo tu, mke wangu." Watoto watatu wakazaliwa, wakakua, wakaoa na kuolewa. Wifi yetu kila akiuliza, jibu lilikuwa moja: "Mama watoto, zimebaki boliti mbili."

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kuchoka. Daktari alimkataza kunyanyua vyuma, naye akaenda kufungua trekta la baba, ambalo sisi wadogo zake tulikwisha kulihesabu chuma chakavu. Hofu yake ilikuwa moja. "Nikifa likiwa wazi, mtaliuza kwa kilo." Hatukubisha, maana ni kweli.

Basi siku ile ya ufagio aligeukia ukutani, chakula hataki. Wifi alimwacha anune mpaka akaridhika, kisha akaenda na sufuria uwanjani, akaketi, akaanza kuvilaza vipuri kimoja kimoja juu ya magunia. Kaka akaomba abebwe na kiti hadi mlangoni.

"Nani kakuonyesha?"

"Kila siku naviruka hivi nikienda kuanika nguo. Ulidhani nafumba macho?"

"Hicho cha kushoto umekigeuza."

"Wewe ndiye uliyekigeuza. Mimi nakiweka kilivyokuwa."

Kaka alitazama sana, akacheka mpaka akakohoa. Kuanzia hapo yeye alielekeza kutoka kitini, na rafiki yake wa karakana akafunga.

Tarehe 3 Mei 2024 trekta lilikuwa tayari. Wote tukajiuliza, mwenye mali hayupo, atawasha nani? Kaka akamwonyesha mkewe kiti. "Panda. Ni lako." Likakohoa, likatema moshi mweusi kwenye nguo zilizoanikwa, likanguruma. Kaka akashusha pumzi ndefu. "Basi. Sasa hata nikiitwa, naenda."

Alifariki Jumanne, tarehe 21 Mei, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, bila maumivu. Tunalia, lakini mioyo yetu imetulia.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu watano na wadogo zake wanne.

Siku moja kabla ya kufariki, alimwagiza binti aliyefagia aisugue ile sufuria kwa mchanga na majivu, amrudishie mama yake. Wifi aliinusa.

"Inanuka dizeli."

"Najua, mama watoto."

"Hata maji ya kuoga sichemshi humu."

"Najua."

Mjane ameomba tuyasome haya mbele yenu nyote: sufuria amemsamehe. Lala kwa amani, Fundi Grisi. Hakuna boliti iliyobaki.