Historia ya Hebu-Nione, Aliyechagua Mavazi ya Wapanda Milima

Ndugu wafiwa, majirani na wenzake wa kazini, historia hii imeandikwa na mama mzazi wa marehemu kwa mkono wake, na mjomba wa marehemu ameombwa aisome yote bila kuruka mstari, hata ule atakaotamani kuuruka. Wengi wenu mmesikia habari za koti, kwamba yuko mtu aliyempandisha marehemu mlimani na koti bovu, na wengine mmeibeba habari hiyo nyumba kwa nyumba, basi vumilieni, itafikiwa mahali pake.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1984, katika wodi ya wazazi iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pekee wa fundi wa breki na muuza mitumba, alizaliwa na kilo mbili na robo, wakunga wakasema huyu hafiki Jumapili, mama yake hakuwaamini. Baba yake alifariki mwaka 1990, na tangu hapo mtoto alikulia chini ya meza ya mitumba, ambako mama yake alimfundisha kwamba nguo husema uongo nje na ukweli ndani, kwa hiyo igeuze, vuta mshono, nusa kwapa, kisha ndiyo uulize bei.

Alianza shule ya msingi Januari 1991, akamaliza mwaka 1997, akaingia sekondari mwaka uliofuata na kumaliza kidato cha nne mwaka 2001, kwa alama ambazo mama yake hakuwatangazia majirani. Mwalimu wa sayansi aliwahi kumwita mama huyo kulalamika kwamba mtoto hataki kuandika kuwa sufu hutunza joto mpaka kwanza atie kipimajoto ndani ya soksi, akajibiwa, "Mwalimu, ndivyo alivyolelewa, mvumilie."

Mwezi Juni 2004 aliajiriwa kuwa mpagazi katika kampuni inayopeleka wageni kwenye milima mirefu, akabeba mahema na majiko kwa karibu miaka minane, na tarehe 1 Februari 2012 akapewa kazi aliyoifanya hadi mwisho, ya kuchagua na kukagua mavazi na vifaa vya kila msafara. Hapo ndipo alipopata jina la Hebu-Nione, kwa sababu hakuna kitu kilichopita mbele yake bila yeye kusema hebu nione, alikunja soli za buti, akafunga na kufungua kila zipu akiwa amevaa glavu nene, na yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti aliyajaribu kwenye buti lenyewe, si kwa kuambiwa kwamba yataingia. Wageni aliwapanga kwa tabaka, la ndani la kufukuza jasho, la kati la kutunza joto, la nje la kuzuia upepo, na aliyekutwa na fulana ya pamba alivuliwa kwa heshima, maana pamba ikilowa jasho kule juu humgandisha mtu. Aliwakataza kuvaa soksi nene mbili katika buti linalobana, akiwaambia mguu uliobanwa haupati damu, na usiopata damu haupati joto, hata ukiuvisha blanketi. Mgeni mmoja alikuja na koti la kifahari, akaambiwa, "Bwana, hili ni la kupigia picha, piga basi, kisha uvae hili langu." Makoti ya manyoya ya bata aliyabonyeza kwa viganja na kuhesabu hadi kumi, likiumuka kama mkate linapita, likibaki limelala linarudi.

Tarehe 6 Agosti 2011 alifunga ndoa na karani wa posta, na siku ile aliigeuza pete akaichungulia ndani kabla ya kumvisha bibi harusi, shangazi wa bibi harusi akasikika akisema, "Jamani, na mtoto wetu naye atageuzwa?" Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2013, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 2016.

Sasa habari ya kuugua kwake. Aliondoka na msafara wa wageni saba tarehe 25 Agosti mwaka huu wa 2023, usiku wa tarehe 6 Septemba upepo uliwafungia katika kambi ya tatu, akatetemeka usiku kucha, asubuhi akawa anapumua kama mtu anayenywa maji, wenzake wakamteremsha kwa siku mbili, na Jumamosi tarehe 9, saa nne asubuhi, alifariki hospitalini akiwa na miaka thelathini na tisa. Daktari alieleza kwamba mapafu yalijaa maji kwa sababu ya kimo cha mlima na baridi, kisha akauliza, "Kwani alikuwa amevaa nini?" Mama yake alilikamata swali hilo, hakuliachia.

Jumatatu mkoba wa marehemu uliletwa nyumbani, mama yake akalitoa koti, akalibonyeza, akahesabu hadi kumi, halikuumuka, ndani manyoya yalikuwa mabonge na kati ya bonge na bonge kitambaa kitupu, akasema mwanangu hawezi kubeba takataka hii, limebadilishwa. Akakumbuka kwamba Julai marehemu alikataa mifuko ya kulalia iliyonunuliwa na mtunza stoo wa kampuni, wakatupiana maneno, na mtu mwenye kinyongo na ufunguo wa stoo hahitaji kingine. Jumanne alikwenda stoo mbele ya wafanyakazi wote, akamwambia, "Umemvalisha mwanangu gunia." Mtunza stoo akajibu, "Mama, mimi sikuligusa, lilitoka kwako." Mama yake akaona huo ni ujanja wa mwizi, akayapeleka maneno ofisini, akayapeleka sokoni, mke wa mtunza stoo alipokuja kuhani akarudishwa mlangoni, na kufika jioni mtunza stoo alikuwa amesimamishwa kazi.

Jana, Jumatano, saa tisa alasiri, alikuja mpishi wa kambi, akakaa ukumbini bila kugusa chai, akasema marehemu alimwapisha anyamaze, lakini hawezi kutazama mwenzao wa stoo anavyomalizika. Akaeleza kwamba pale kambi ya tatu, baridi ilipolidai kwa mara ya kwanza, marehemu alilitoa koti kwenye kimfuko chake, akalibonyeza, halikuinuka, akalinusa, akacheka kidogo na kusema, "Mama kalifua. Asiambiwe." Koti la akiba lilikuwa kambi ya pili, na upepo haukuruhusu mtu kushuka.

Ni kweli. Marehemu alipita kwa mama yake aliporudi kutoka safari iliyotangulia, akaliacha koti likinuka moshi, na Jumapili tarehe 20 Agosti mama yake akalifua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, akalikamua kama anavyokamua mitumba yote tangu ujana wake, akalianika siku tatu, akalishindilia kwenye kimfuko chake, akafurahi kwamba linanukia. Hakujua kwamba manyoya ya bata yakifuliwa hivyo hugandamana na kupoteza joto, wala hakuuliza. Marehemu alikipokea kimfuko akiwa mlangoni, kwa haraka, akakitia mkobani bila kukifungua, mtu aliyekagua kamba za viatu vya wageni hakuona sababu ya kukagua kitu kilichotoka mkononi mwa mama yake. Daktari amesema kimo peke yake kingeweza kumwua hata akiwa na koti zima. Mama yake amelisikia hilo, na ameandika hivi alivyoandika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana naye hadi saa ya mwisho, majirani waliopika na kulala hapa siku tano, wapagazi waliompokezana mabegani kutoka juu hadi chini, na mpishi, aliyevunja kiapo. Ofisi ya kampuni inaombwa imrudishe mtunza stoo kazini leo, kabla watu hawajatawanyika. Walioambiwa sokoni na mama wa marehemu kwamba mtu huyu ni mwuaji, wanaambiwa na mama huyo huyo kwamba alisema uongo, na mkewe aliyerudishwa mlangoni anaombwa radhi mbele yenu nyote. Mtunza stoo amesimama nyuma, karibu na geti, tangu asubuhi hajakaa. Anaombwa aje ashike jeneza upande wa mbele pamoja na mjomba, akikataa hatalaumiwa, tutasubiri kidogo tuone.

Upumzike salama, baba.