Mzee Paa na Magari Yaliyokosa Mnunuzi

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi naye mkaacha shughuli zenu asubuhi hii mkaja kukaa nasi, familia imenituma mimi, mpwa wa marehemu, niwasomee safari ya maisha yake kama tulivyoikusanya sebuleni kwake, tukikumbushana na kusahihishana, na mjane wake akatuomba tusitie chumvi, kwa hiyo hatukutia.

Marehemu mjomba wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Paa, alizaliwa tarehe 14 Mei 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, baba yake mshika bendera wa stesheni na mama yake mshonaji. Jina hilo la Paa hakupewa na wazazi, lilikuja ukubwani, kwa sababu ya magari aliyoyauza, au tuseme aliyoshindwa kuyauza, na wenye mizaha walikuwa wakimuuliza kama ni paa la nyumba au paa wa porini, naye akiwajibu kwamba wa porini angalau anakimbia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza sekondari, kidato cha nne, mwaka 1975, akiwa mwanafunzi wa wastani katika masomo yote, ila walimu hawakumsahau kwa sababu ya ulimi wake, kwani alikuwa na namna ya kukuomba kitu mpaka ukaona ni wewe unayependa kukitoa.

Mwaka 1977 aliajiriwa kuosha magari katika kampuni iliyouza malori na pikapu, akahamishiwa dawati la wauzaji miaka michache baadaye, na mwaka 1989 akawa mkuu wa wauzaji wote. Waliofanya naye kazi wapo hapa na wanajua alivyouza. Mteja akiingia, marehemu hakuanza kusifia injini wala rangi, alimvutia kiti na kumuuliza, "Unabeba nini?" Mtu akieleza mzigo wake, mahindi, kokoto, wanafunzi au vitanda, basi gari lake lilikuwa limeshapatikana, na wengi waliondoka na funguo huku wakidhani wamechagua wenyewe.

Ni swali hilohilo lililompatia mke. Hospitali ilimtuma mkunga kijana kwenda kupokea pikapu mpya, marehemu akamuuliza anabeba nini, yeye akamjibu, "Wajawazito, na mara nyingine hawafiki, wanajifungulia njiani," na marehemu akakosa la kusema, jambo ambalo wenzake walikuwa hawajawahi kuliona. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984, wakajaliwa watoto watatu, mabinti wawili na kitindamimba wa kiume, na kwa zaidi ya miaka ishirini nyumba yao ilikuwa ya kicheko, wageni hawakatiki, chakula hakipimwi.

Sasa tufike pale ambapo mjane alituambia tusiparuke.

Mwaka 2006 marehemu alipelekwa na kampuni kwenye maonyesho ya magari katika mji mwingine, na huko akaketi ndani ya gari la wastani, si kubwa si dogo, lenye paa la turubai linalojikunja lenyewe ukibonyeza kitufe, paa likarudi nyuma taratibu bila kelele, mbingu ikafunguka juu ya kichwa chake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, alikuwa ameuza vyombo vya mizigo maisha yake yote, na hakuwahi kukaa ndani ya gari lisilobeba chochote isipokuwa furaha ya mwenye nalo. Aliporudi alimwambia mkewe wakinywa chai, "Mama watoto, nimeona gari."

"Si unaona magari kila siku?"

"Si kama hili."

Mkewe anasema alimtazama usoni na kuogopa, kwa sababu ile sura aliijua, ndiyo aliyokuwa nayo siku ya pikapu ya hospitali.

Mwezi Machi 2007 aliacha kazi, akachukua uwakala wa magari hayo, akajenga ukumbi wa vioo kwenye njia panda yenye watu wengi. Kiwanda hakikumruhusu achukue yale ya paa la kukunja peke yake, kilimtaka achukue pia magari marefu ya kifahari, yenye viti vya ngozi na mbao zilizong'arishwa, naye akakubali yote kwa pamoja. Wiki za mwanzo watu walijaa mpaka nje, wakayala magari kwa macho, maharusi wakaomba kupiga picha, wazazi wakawapakata watoto kwenye usukani, na marehemu akatembea katikati yao kwa suti mpya akiwa na hakika kwamba ameula.

Hakuna aliyenunua. Daktari wa meno wa mtaa wa pili, ambaye fedha alikuwa nazo na hamu alikuwa nayo, alikuja Jumamosi nyingi akilizunguka gari moja jekundu, na mazungumzo yao ya mwisho yalisikiwa na wafanyakazi wote.

"Jua likiwaka sana je?" aliuliza.

"Unafunga paa."

"Na mvua?"

"Unafunga paa, kitufe hiki hapa."

"Vumbi la lori likinitangulia?"

"Unafunga tu, daktari."

"Sasa mzee wangu, nitafungua lini?"

Marehemu alicheka na kuendelea kueleza, lakini daktari akaomba afunguliwe buti, akakuta paa likikunjwa linaishia humohumo, panabaki mahali pa kuweka viatu na mwavuli, akatazama kiti cha nyuma kilichowafaa watoto wasio na miguu, akashukuru kwa adabu na kwenda zake. Mwezi uliofuata alipita njia panda hiyo akiendesha gari lililoinuka juu, la mkono wa pili, limejaa familia yake hadi nyuma.

Magari marefu nayo yalikuwa na adui zake. Yalilala chini sana, kila tuta la barabarani lilikwaruza matumbo yake. Taa moja ikivunjika, spea ilisubiriwa ije kwa meli, na bei ya kuliuza tena ilianguka siku gari linapotoka getini. Mwenye fedha nyingi alitaka gari refu kwenda juu, linalopita kwenye maji na kuwatazama wengine kutokea juu, na mwenye fedha za kutosha tu alikuwa na hofu nyingine, ambayo mkandarasi mmoja, mteja wake wa zamani wa malori, aliisema bila kuficha. "Kaka, gari ni zuri, silipingi. Ila nikifika nalo saiti, mwenye nyumba ataniuliza saruji yake imekwenda wapi."

Marehemu alikuwa anajua kuuza, hilo tusilipunguze. Ila lile swali lake halikuwa na kazi tena, kwa maana ukimuuliza mtu anabeba nini, huwezi tena kumwonyesha gari lisilobeba kitu. Akaanza kusifia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mkewe aliyepita siku moja kumletea chakula alimsikia akimsifia mtu kitufe, akasimama nje na bakuli lake hadi yule mtu alipoondoka.

Gari moja la paa la kukunja liliuzwa. Rubani mstaafu alilinunua mwaka 2009, marehemu akachinja kuku, akawaita ndugu, akasema sasa bomba limefunguka, watu wataliona barabarani na watakuja. Kabla mwaka haujaisha rubani alilirudisha mwenyewe akiendesha polepole, wahuni walikuwa wamechana turubai kwa wembe ili kuchukua koti, akaomba asaidiwe kuliuza, likaegeshwa kando ya mengine. Kwa hiyo mnunuzi wake pekee akawa mshindani wake.

Mwaka 2010 bosi wake wa zamani alimfuata ukumbini, akaketi naye kwenye kochi la wateja, akamwambia, "Rudi. Meza yako bado ipo, na vijana hawa hawajui kuuliza."

"Nipe mwaka mmoja," marehemu alisema.

"Mwaka wa nini?"

"Soko litakuja. Kiwanda wamenihakikishia."

Mjane anasema si kiwanda kilichomzuia kukubali. Kitindamimba wao alikuwa ameacha chuo ili amsaidie baba yake, na marehemu hakuona atamwambiaje mtoto kwamba alimtoa darasani kwa ajili ya kitu ambacho baba mwenyewe anakikimbia. Bosi alimshika mkono akaondoka, wala hakuja tena.

Yaliyofuata ni ya kusubiri. Kila mwaka kiwanda kilitoa toleo jipya, na yale yaliyokuwa ukumbini yakawa ya zamani bila kuwahi kutumika. Jua la kupitia kwenye vioo lilipasua ngozi za viti, turubai jeusi likageuka kijivu, betri zikafa. Marehemu alikuwa akifika asubuhi na kuyasukuma kidogo, moja baada ya jingine, kwa bega lake, ili tairi zisikae upande mmoja zikaharibika, kisha anayafuta vumbi, kisha anaketi kuitazama barabara, ambako pikapu alizoziuza yeye mwenyewe miaka ya nyuma zilikuwa bado zinapita na mizigo yake.

Nyumba ya familia iliuzwa mwaka 2012, wakahamia vyumba viwili vya kupanga. Mwaka 2013 alipiga moyo konde akaenda kwenye kampuni yake ya zamani kuomba ile meza, akakuta bosi amefariki, na kijana wa mapokezi akamuuliza, "Mzee, umekuja kununua au kuulizia?" Alisema anaulizia tu. Mwaka uliofuata mwanawe alifunga virago. Alimwambia, "Baba, hawa watu hawatakuja," na baba akamjibu, "Basi nenda wewe," kijana akaenda kuendesha gari la mizigo ng'ambo, na wawili hao hawakusemezana tena. Simu zilipigwa, mama ndiye aliyezungumza.

Ukumbi ulifungwa, magari yakahamishiwa uani, kwenye nyumba waliyopanga, chini ya maturubai. Mwezi Februari 2016 kiwanda kilimpigia simu, msichana wa ofisini, mwenye heshima, akamwambia magari ya paa la kukunja hayatengenezwi tena.

"Kwa nini?" marehemu aliuliza.

"Watu hawanunui, mzee."

Alimshukuru, akakata simu, akaingia jikoni alipokuwa mkewe. "Hata wao," alisema. Mkewe akamvutia kigoda.

Kisukari alikuwa nacho tangu 2011 bila kukijali. Tarehe 9 Oktoba 2019 alipata kiharusi kilichochukua upande wa kulia, na kutoka hapo figo zake zikaanza kudhoofika. Aliuguzwa nyumbani na mkewe aliyekuwa amestaafu, aliyewahi kuwageuza wagonjwa wodini na sasa anamgeuza mumewe, mabinti wakipokezana. Watu waliuliza kwa nini magari yale yasiuzwe hata kwa bei ya kutupa, nasi tunawajibu leo kwamba tulijaribu, na hata bei ya kutupa haikupata wa kuokota.

Mwishoni mwa Mei 2022 hali ilibadilika ghafla, akawa anavuta pumzi kwa shida. Gari pekee lililowaka pale uani lilikuwa lile jekundu la daktari wa meno kulizunguka, betri yake iliazimwa. Mabinti na mama yao walimbeba mpaka mlangoni, wakajaribu kumwingiza kichwa kwanza, kisha miguu kwanza, wakafungua paa wajaribu kumshusha kwa juu, lakini mwili uliopooza haukunjiki, na kiti kilikuwa chini mno, na mlango ni mmoja upande ule. Marehemu, ambaye maneno yake yalikuwa yamebaki machache na mazito, aliwaambia, "Acheni. Halibebi mtu." Jirani fundi mabomba alikuja na pikapu yake, wakatandika godoro nyuma, mkewe akaketi kukishika kichwa chake njia nzima hadi hospitali.

Alifariki tarehe 3 Juni 2022 alfajiri. Mwanawe alikuwa amekata tiketi, amefika jana jioni, na ameomba lisemwe hivyohivyo, kwamba amefika jana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume ambao walifanya yote yaliyokuwa katika uwezo wao na wakatueleza ukweli bila kutuzungusha. Tunamshukuru fundi mabomba, ambaye leo pia ndiye aliyembeba. Tunawashukuru majirani waliovumilia uwanja uliojaa magari yasiyokwenda popote, na tunawashukuru wafanyakazi wenzake na wateja wake wa zamani, ambao wengine wenu mmekuja na pikapu alizowauzia.

Kuhusu magari yale, hatuna la kutangaza. Yapo uani. Tumekaa kikao na hatukupata jibu.

Mjomba Paa, umesubiri vya kutosha. Pumzika sasa, hakuna mteja anayekuja.