Mama Masijala Anastaafu, na Kompyuta Niliyoisingizia Uzee

Ijumaa tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, mkuu wetu wa masijala atakabidhi funguo za makabati na kutoka langoni akiwa mstaafu, baada ya kuitumikia idara hii ya maji kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Jina lake lipo kwenye barua ya ajira, lakini hapa kazini halina mtumiaji. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, sote tunamwita Mama Masijala.

Aliingia akiwa mpiga chapa. Mashine aliyopewa ilikuwa na herufi moja iliyovunjika mkia, na kwa miaka miwili aliumalizia mkia huo kwa kalamu, barua baada ya barua, bila kulalamika na bila kuruka hata moja. Kisha akahamishiwa masijala, chumba cha mwisho kwenye korido ya chini, chenye dirisha moja na makabati kumi na manane ya chuma. Alikuta majalada yamerundikwa sakafuni kama matofali. Mwaka haukuisha, ukimtajia namba ya mita anakuambia kabati, rafu, na pengine hata ugomvi wa ndugu wenye nyumba hiyo.

Wakongwe wanakumbuka jalada la mkandarasi lililopotea wiki nzima, mkurugenzi wa enzi hizo akiwafokea watu mpaka mate yanaruka. Mama Masijala alipanda ngazi, akagonga mlango, akamwomba mkubwa asimame kidogo. Jalada lilikuwa chini ya mto wa kiti chake. Mama alilipangusa, akaandika kwenye kitabu cha kupokelea, akashuka nalo. Na bomba kuu lilipopasuka, mafundi wakachimba siku tatu wasilione, ni yeye aliyewapelekea ramani ya mkono, iliyochorwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, ikionyesha kwamba bomba linakata kona nyuma ya karakana ya useremala. Maji yalirudi mchana ule ule.

Hayo ndiyo yanayofaa kuandikwa katika wasifu, na ningeweza kuendelea nayo hadi ukurasa uishe. Lakini mimi ninayeandika ni fundi wa kompyuta wa ofisi hii, na kuna jambo ambalo nikiliruka, wasifu huu utakuwa wa uongo. Nilimwomba ruhusa kwanza. Alisema, "Liandike. Ila liandike lote."

Nilipoajiriwa, miaka minane iliyopita, nilikuja na cheti kipya na mdomo mkubwa. Mama Masijala ndiye aliyenionyesha nani wa kumwona kwa jambo gani, na choo kipi kina maji. Aliniita mwanangu. Kila saa saba mchana alichungulia chumba changu: "Mwanangu, umekula?" Nikisema bado, alikaa mlangoni mpaka niinuke.

Nyumbani kwake anaishi na dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu aliyepoteza macho kwa presha ya macho. Wana kompyuta ya mezani, kuukuu kweli kweli, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Ndani yake mna programu inayosoma maandishi kwa sauti. Programu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya lugha nyingine, na Kiswahili ilikuwa inakitamka kama mtu anayetafuna kokoto. Mwalimu hakukubali. Kwa miaka minne aliifundisha, neno kwa neno, na jina kwa jina la wanafunzi wake wa zamani ambao huandikiana nao barua pepe. Ikafika mahali ikawa inasoma vizuri kuliko baadhi yetu kwenye mikutano ya wafanyakazi.

Jumamosi moja Mama aliniomba nikaitazame, imekuwa nzito. Nilikwenda kwa haraka, nilikuwa na mpira wa kutazama saa tisa. Nikakuta diski imejaa. Badala ya kutafuta kilichoijaza, nilizima ulinzi wa mfumo na kufuta nukta zote za kurejesha. Kwa asiyejua, nukta ya kurejesha ni kumbukumbu ambayo kompyuta hujiwekea yenyewe kila baada ya muda, ya jinsi mfumo na programu zake zilivyokaa siku hiyo. Kitu kikiharibika, unairudisha kwenye siku ilipokuwa nzima. Barua na picha hairudishi, lakini programu inaziokoa. Nukta hizo hula nafasi, nami nilizifagia kwa dakika moja. Kompyuta ikawa nyepesi, nikaonekana bingwa.

"Umetoa nini, mwanangu?" Mama aliuliza.

"Takataka tu, Mama."

Akachukua daftari, akaandika tarehe, na chini yake: Fundi ametoa takataka.

Miezi mitano baadaye alikuja chumbani kwangu wakati wa chai. Alikuwa amesoma mahali kwamba kompyuta hujiwekea nukta zenyewe, akaenda kuangalia ya kwao, akakuta haina hata moja. "Mbona yangu haijiwekei?" Jibu nililijua kabla hajamaliza swali. Wenzetu wanne walikuwa wamesimama pale na vikombe mkononi. Ningeweza kusema, Mama, nitakuja kuangalia. Nikasema, "Kompyuta yako imezeeka, Mama. Imeanza kusahau kama bibi."

Walicheka, na mimi nikacheka kuwashinda. Kwa wiki kadhaa hiyo ndiyo salamu tuliyompa asubuhi: "Bibi ameamkaje?" Naye alijibu, akiwa amebeba majalada, "Bibi hajambo."

Nilirudi nyumbani kwake Jumamosi nyingine kufunika kombe. Niliwasha ulinzi kimyakimya, lakini nikautengea nafasi ndogo kabisa, asilimia moja, ili asije akauliza nafasi imekwenda wapi. Sikuangalia kama inatosha. Haikutosha. Nukta ikiundwa kwa mkono, kufumba na kufumbua inafutika. Mama akaanza kuiangalia kila asubuhi kabla ya kuja kazini na kuandika: Jumatatu ipo. Jumanne hakuna. Jumatano hakuna. Baada ya wiki mbili alinifungulia ukurasa huo mezani. Niliutazama kama mtu anayesoma, nikasema, "Si nilikwambia, Mama? Uzee."

Kisha wakanunua printa. Programu ya printa ilipoingia, ile ya kusoma ikanyamaza. Niliitwa. Hapo ndipo fundi hurudisha kompyuta kwenye siku ya jana yake na kunywa chai. Nilifungua orodha ya nukta, ikawa tupu. Nilibofya huku na kule kwa saa nzima, nikijua ninatafuta kitu nilichokitupa mwenyewe, kisha nikawashauri wanunue kompyuta nyingine.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya kibodi. "Basi barua zangu," akasema, "mchana mdogo wangu akiwa kazini, atanisomea nani?"

Nilimaliza maji niliyopewa, nikaaga. Njiani niliona haya hata kumsalimia fundi viatu wa pale kona, ambaye hanijui.

Jumatatu saa saba mchana mlango ulifunguliwa. Hakuuliza kama nimekula. "Fundi," alisema, "naomba unisaidie kusoma." Akafungua daftari, akaanza kupitisha kidole.

"Tarehe hii ulitoa takataka. Tarehe hii nilikuta hakuna nukta, nikatafuta, nikaona mahali pameandikwa ulinzi umezimwa. Tarehe hii ulikuja mara ya pili. Ulipoondoka, palikuwa pameandikwa umewashwa, asilimia moja." Akaninyanyulia macho. "Hii kompyuta iliyozeeka, inajizima na kujiwasha siku anazokuja fundi tu?"

"Ni mimi, Mama."

"Najua ni wewe. Nilikuletea ukurasa ule ili useme. Ukaniambia uzee." Akafunga daftari. "Kwangu si neno. Nataka ukamwambie dada yangu."

Nilikwenda Jumamosi hiyo. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na nilipokaa mbele ya Mwalimu hata moja halikubaki. Nikasema tu: "Mwalimu, kompyuta haikuzeeka. Mimi nilifuta kitu ambacho kingeiokoa programu yako. Kisha nikaisingizia. Kisha nikawaambia muitupe."

Jikoni nilisikia Mama anazima jiko ili asikie vizuri.

"Nimefundisha miaka thelathini," Mwalimu akasema. "Mtoto akivunja kioo, husema kimevunjika. Wewe una miaka mingapi?"

"Thelathini na minne, Mwalimu."

"Haya. Kaa ufanye kazi."

Ilichukua Jumamosi tatu. Niliing'oa programu ya printa, nikasafisha mabaki yake kwa mkono, faili moja baada ya nyingine, na ya kusoma ikafumbua mdomo. Lakini maneno yote iliyofundishwa kwa miaka minne yalikuwa yamefutika. Mwalimu aliandika jina la mwanafunzi mmoja ambaye sasa ni daktari, akabonyeza, ikatafuna kokoto. Aliandika la pili. La tatu hakulimaliza. Aligeuza uso kuelekea dirishani, nasi wawili tukabaki tumesimama nyuma yake. Kurudisha hayo hakuwezekani. Nimeuliza mafundi wanaonizidi, hakuwezekani.

Tukahamia kwenye nukta zenyewe, maana ajali ya pili isingevumilika. Nilihamisha picha za familia kwenye diski ya nje, nikaongeza nafasi. Nukta niliyoiunda kwa mkono ilikaa siku nne, tano, haikufutika. Lakini zile zinazojiunda zenyewe hazikutokea. Wiki nzima, hakuna. Nilikuwa nimeishiwa ujanja pale Mama alipovuta kiti, akashusha miwani, akaanza kusoma ukurasa wa ratiba mstari kwa mstari, kama anavyosoma barua iliyoingia.

"Hapa pameandikwa saa sita usiku," akasema. "Saa hizo sisi tumelala na kompyuta tumeizima tangu saa tatu. Hiyo nukta anaiweka nani, jini?"

Nilicheka, kisha nikakatisha, sikujua kama nina ruhusa. Tuliihamishia saa nne asubuhi, wakati Mwalimu yuko kwenye barua zake. Kesho yake nukta ilikuwepo. Baada ya wiki tuliijaribu: tukaweka programu ndogo isiyo na kazi, tukairudisha kompyuta siku moja nyuma, ile programu ikatoweka na ya kusoma ikabaki inazungumza. Mama aliandika tarehe. Fundi wa idara ya maji, mwenye cheti ukutani, alikuwa amefundishwa kutatua tatizo na mtunza majalada aliyeanza kushika kompyuta akiwa na miaka hamsini.

Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi nakwenda kukaa na Mwalimu. Tukianza na majina ya wanafunzi wake kwa alfabeti, anataja neno, naliingiza, tunalisikiliza, anasema "bado" au "hapo." Tumefikisha kama mia sita. Alikuwa na zaidi ya elfu tatu. Hajanigombeza tena hata siku moja, na ningependa angenigombeza. Mama Masijala ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za wazazi, na ananiita fundi. Silalamiki. Jina lile lingine nililichezea mwenyewe.

Wiki iliyopita nilimpelekea rasimu ya wasifu huu. Nilikuwa nimeandika kwa ufupi, kwamba "programu muhimu ya familia ilipata hitilafu." Alikizungushia kitenzi duara kwa penseli, na pembeni akaandika neno moja: Nani? Kisha akarekebisha tarehe mbili, akafuta sentensi ambamo nilimwita shujaa, akanirudishia. Ndipo nikaenda kuandika hiki mnachokisoma.

Mama Masijala anatuachia makabati kumi na manane yasiyo na karatasi moja isiyo mahali pake, na faharasa aliyoiandika kwa miezi saba ili mrithi wake asiteseke. Amefundisha makarani tisa. Wawili leo ni wakuu wa idara kwingine, na bado humpigia simu kuuliza barua fulani ijibiwe vipi. Kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunasema, Mama, asante kwa kazi, na asante kwa namna ulivyoifanya.

Kwa upande wangu, radhi nilikwisha kuomba sebuleni kwenu. Lakini kicheko sikukianzishia sebuleni. Nilikianzishia hapa ofisini, na wengi mtakaosoma ukurasa huu mlikisikia au mlikirudia mkidhani ni kweli. Haikuwa kweli. Kompyuta ilikuwa nzima, mwenye nayo alikuwa na haki, na aliyekosea ni mimi. Naomba radhi, Mama, mahali pale pale nilipowachekesha watu juu yako.

Tunakuombea magoti yasiyouma, asubuhi zisizo na kengele ya saa, na muda mrefu wa kukaa na dada yako bila kukimbilia popote. Nami Jumamosi saa tatu nitabisha hodi. Tumefika herufi M.