Historia ya Marehemu Asheri Rafaeli na Chupa Zake za Hospitali

Waombolezaji wenzangu, mimi ni Beatrisi, dada yake marehemu, niliyeachiwa kusoma kwa kuwa wenye elimu wa ukoo huu wote wanalia, basi nikikwama mnivumilie.

Asheri alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 katika kambi ya shamba la mkonge karibu na Kigombe, baba yetu akiwa amekuja kukata mkonge kwa mkataba asirudi kwao tena, na utoto wake aliumalizia kwenye bwawa la shamba, ukimwita hatoki, ndimo alimookota kichocho.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1951, akaajiriwa korona, kiwanda cha shamba cha kutoa nyuzi za mkonge, mwaka 1956, akaisimamia mashine ya kusaga mkonge hadi ilipozimwa mwaka 1987, shamba likabaki nyasi likingoja mnunuzi. Tarehe 6 Juni 1964 alifunga ndoa na Kristina, aliyekuwa ameposwa na mwingine, hayo tuyaache, wakajaliwa mtoto mmoja, Daniel.

Mwaka 1990 alianza kukojoa damu, akanyamaza, hata Novemba 1991 akapasuliwa mjini Tanga kwa saratani ya kibofu, iliyotokana na kichocho kile cha bwawani, akaambiwa ugonjwa huo hupenda kurudi. Mwaka uliofuata wataalamu wa utafiti wakampa chupa, awe anawapelekea mkojo wa asubuhi, wakitafuta protini waliyodhani hujitokeza saratani inapoanza kurudi, kabla jicho halijaona damu. Mimi protini niliyoijua ni ya maharage.

Sasa Asheri hakuogopa kifo kama alivyokiogopa kisu, kwa hiyo alikwenda kwa jirani yetu Uweso, mwenye afya ya punda, akamwomba mkojo eti wa kufukuzia nguruwe mihogoni, na Uweso alipouliza mbona nguruwe bado wanakuja, akajibiwa kwamba labda mkojo wake ni wa mtu mpole mno. Kumbe mkojo wa Uweso ndio uliokwenda hospitali ndani ya chupa za Asheri, majibu yakawa mazuri, protini haionekani, Kristina akachinja jogoo, na la kusikitisha, Asheri mwenyewe akaanza kuyaamini, akapanda minazi.

Februari mwaka huu, 1994, damu ilirudi, akanieleza yote na kuniapisha nisiseme mpaka siku ya kumzika, nami kwa mara ya kwanza maishani nikatunza siri. Madaktari walipomtazama, ugonjwa ulishaingia mifupani, hapakuwa na cha kukata tena. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Agosti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa korona waliolibeba sanduku, na wataalamu wale, ambao tunawaomba wazitoe chupa za Asheri kwenye hesabu yao, zisije zikamdanganya mgonjwa mwingine. Nawe Uweso, usijifiche nyuma ya mkeo, hukujua, na mihogo yenyewe nguruwe waliimaliza.

Asheri, mdogo wangu, huko uliko hakuna chupa wala kisu, pumzika kwa amani.