Waini na Chizi ya Kumkaribisha Ngendo

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la Warigia, mama wa chai, pale Ruring'u, kona ya kuelekea uwanjani, mimi nitakwambia hujapoteza kitu, lakini wenyewe wa benchi watakwambia umepoteza kila kitu. Ni mbao mbili zilizopigiliwa juu ya magogo, na mbele yake thermos tatu: ya kahawa ya tangawizi, ya chai, na ya tatu haina chochote, imewekwa ili biashara ionekane imejaa. Baridi iume isiume, kila asubuhi utamkuta hapo Dedan, anayeitwa Kamati kwa sababu hakuna kamati mtaani ambayo hajawahi kuwa katibu wake. Utamkuta Kinyua, anayeitwa Bishop ingawa kazi yake kanisani ilikuwa kupanga viti. Na kule mwisho, mbao inapobonyea, utamkuta Gicheru, ambaye wote humwita Lodge, kwa kuwa alikuwa weita miaka thelathini na moja katika lodge moja upande wa Naro Moru. Huyu huongea kidogo, na hukaa wima kama mtu anayengoja kuitwa mezani. Jumamosi hiyo alikuja na mfuko.

— Umebeba nini, Lodge? Kamati aliuliza, na kabla hajajibiwa mkono wake ulikuwa tayari mfukoni.

Akatoa chupa ya waini nyekundu, akasoma karatasi yake yote kwa sauti, kama anasoma kumbukumbu za mkutano uliopita. Kisha akatoa vipande viwili vya jibini. Kimoja kilikuwa cha njano, kigumu. Cha pili kilikuwa cheupe chenye mishipa ya buluu.

— Hii chizi imeharibika, Bishop alisema.

— Haijaharibika, Gicheru alisema. Ndivyo iko. Ni chizi ya ukungu.

— Ati umenunua ukungu? Warigia aliuliza. Baba Ngendo, si ungekuja kwangu nikupatie mkate ya juzi bure.

Wakacheka. Gicheru akatabasamu kwa adabu, akangoja wamalize.

— Ngendo anakuja leo, alisema. Saa kumi.

Kicheko kikakatika hapo hapo. Benchi zima lilijua habari ya Ngendo. Ndiye kifungua mimba wa Gicheru, mwanamke wa miaka thelathini na sita, anauza vifaa vya ujenzi kule Kenol. Tangu wamzike mama yake, Nduta, hakuwa amekanyaga Ruring'u, na huo ulikuwa mwaka wa nne. Hawakugombana. Heri wangegombana, kwa maana ugomvi una mahali pa kuanzia kusameheana. Alikuwa akipiga simu Krismasi, anauliza baba umeshindaje, baba anasema nimeshinda vizuri, na simu inakatika ikiwa haijafika hata dakika mbili. Sasa Jumatano alikuwa amepiga: ana shughuli Endarasha, akirudi atapita nyumbani kidogo. Gicheru hakuwa amelala vizuri tangu hiyo Jumatano. Alijua kwamba kama huko kupita kungekuwa kwa kutazamana na kukohoa, basi Ngendo hangepita tena.

— Na ndiyo unataka kumpea ukungu? Kamati aliuliza.

Gicheru akaeleza, na kwa jinsi alivyo mtu wa maneno machache, walimsikiliza. Kule lodge, alisema, jua likianza kuteremka, wageni walikuwa wanatoka nje kukaa mbele ya mlima. Baba na binti yake, mara nyingi tu. Anawapelekea chupa moja na ubao wa chizi. Wanakata kidogo, wanakunywa kidogo, huyu anasema mimi napenda hii, yule anasema hapana, hii ndiyo tamu, wanabishana wakicheka, na kabla hujajua wanaongea mambo ya ndani kabisa. Saa mbili nzima. Yeye amesimama hatua tatu nyuma yao na taulo mkononi.

— Nikaona ni hiyo kitu inafungua watu mdomo, alisema. Chai haifungui mtu. Chai ukimaliza unashukuru unaenda.

Warigia alimwangalia, kisha akaangalia thermos zake.

— Sawa, Kamati alisema, akagonga mbao kama anafungua kikao. Tujadili. Kwanza, ya ukungu itoke. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukungu inakula chizi, msichana anakula ukungu, sasa hapo nani mgeni na nani chakula?

— Hiyo methali haiendi hapo, Warigia alisema.

— Methali inaenda pahali imepelekwa. Ya pili. Ngendo ni jina ya mama yako, Lodge, si ndiyo? Msichana wa kwanza anaitwa nyanya yake upande wa baba. Sasa mtu akirudisha jina, anarudisha na ulimi. Mama yako alikuwa anapenda nini?

— Uji ya kuchacha, Gicheru alisema.

— Mumeona? Uji imechacha, waini imechacha, chizi imechacha. Huyo mtoto ataramba mpaka ubao. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Sasa unaita mama yake Lodge nyoka? Warigia aliuliza.

— Ni methali, mama. Hakuna mtu ameshtakiwa.

Bishop alikuwa akitikisa kichwa muda wote huo.

— Ulimi si ya ukoo, alisema. Ulimi ni ya hewa. Angalia watu wa Endarasha. Ile baridi inafunga ulimi, kwa hivyo mtu wa huko anataka kitu kali ndiyo asikie. Ukishuka, ukipita Karatina, inaanza kufunguka. Ukifika Kenol kwa hiyo jua, imefunguka yote, unataka tamutamu. Huyo msichana amekaa Kenol miaka kumi na mbili. Ukimpatia ukungu ataanguka hapo hapo kwa kiti.

— Na akipanda huku kwa baridi? Kamati aliuliza.

— Inafunga tena. Lakini inachukua siku tatu. Haraka haraka haina baraka. Lodge, atakaa siku tatu?

— Atapita tu, Gicheru alisema.

Kwa kuwa wanaume hawa hawawezi kubishana juu ya kitu bila kukigusa, Gicheru akatoa kisu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa, akakata vipande vyembamba, vyembamba kiasi cha kuona kidole upande wa pili. Mikono yake, ambayo siku hizi hutetemeka ikishika kikombe, haikutetemeka hata kidogo. Chupa hakuifungua. Warigia akaonja ile ya ukungu, akageuka akaitema kwenye majani.

— Ni kama soksi, alisema. Mniwie radhi, lakini ni soksi.

Kamati alionja ya njano, akasema haina chumvi, akaomba kipande cha pili ili ahakikishe. Bishop alitia ya ukungu mdomoni, akafumba macho muda mrefu. Mkono ukarudi wenyewe kwenye vipande.

— Bishop, hiyo ulimi yako si ilikuwa imefungwa na baridi? Warigia aliuliza.

— Ninachunguza, Bishop alisema.

— Mimi nimegundua kitu, Kamati alisema, na sauti ikapanda. Mwenye kupenda chizi ngumu hawezi kuishi na mwenye kupenda laini. Ndiyo ndoa zinavunjika. Hii kitu ingefaa iandikwe kwa kitambulisho. Jina, mwaka wa kuzaliwa, na chizi. Watu wakienda kutafutana, kwanza wanaonyeshana vitambulisho.

— Hapo kidogo uko na ukweli, Gicheru alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo uso wake ukachangamka. Ulimi ya mtu ni kitu yake. Kulikuwa na mama Mjerumani, chumba namba tisa, kila Agosti. Alitaka ngumu na asali, lakini asali ikae kando, isiguse chizi. Ikigusa, hali. Kulikuwa na bwana na bibi kutoka Mombasa, bwana anataka waini kavu, bibi anataka tamu, na kila siku bibi anakunywa ya bwana akikunja uso. Nikaanza kuleta gilasi mbili tofauti bila kuulizwa. Kulikuwa na mzee mmoja hakuwa anapenda chizi kabisa, alikuwa anapenda kuinusa.

Aliendelea hivyo kwa dakika kumi. Watu wa miaka ya nyuma huko, waliokuja wakaenda, wengine bila shaka wamekufa, na yeye bado alikuwa nao wote kichwani, huyu na chumvi yake, yule na zeituni zake. Benchi lilimsikiliza kwa heshima, na hata Kamati hakuingilia.

Ndipo akaja mtu wasiyemjua. Lori lake la ng'ombe lilikuwa limetoboka gurudumu ng'ambo ya barabara, na fundi alikuwa amemwambia angoje. Aliwasalimu wote mmoja mmoja, akasema anaitwa Muse, ni mtu wa mifugo kutoka Nanyuki, akaomba chai ya rangi. Kamati akamsomea kesi yote tangu mwanzo: chupa, ukungu, nyanya, hewa, kitambulisho.

— Hiyo chupa mimi siwezi kuguza, Muse alisema. Lakini hii ni maziwa, nitaonja. Akatafuna kipande cha njano taratibu. Si mbaya. Mimi napenda maziwa ya ngamia, ile imewekwa kwa kibuyu ya moshi. Ndugu yangu tumetoka tumbo moja, na moshi hataki hata kunusa. Mama alikuwa anaweka vibuyu viwili. Muse akamgeukia Gicheru. Sasa, mzee wangu, huyo binti yako anapenda nini?

— Tumesema nyanya yake alikuwa anapenda uji ya..., Kamati alianza.

— Hapana, huyo ni nyanya. Mimi nauliza yeye.

— Watu wa Kenol kwa kawaida..., Bishop alisema.

— Si watu wa Kenol. Yeye.

Wote wakamgeukia Gicheru. Gicheru akafungua mdomo kujibu, kwa sababu ni swali la mezani, na katika maisha yake hakuna swali la mezani lililowahi kumshinda. Akatafuta. Miaka ile ya lodge alikuwa akifika nyumbani siku mbili kwa mwezi. Nduta alikuwa akichinja kuku, kwa sababu baba amekuja. Yeye alikuwa akiwekewa sebuleni, firigisi juu, na redio ikifunguliwa ili asiboeke. Watoto walikula jikoni na mama yao. Alikuwa akisikia vicheko vyao kupitia mlangoni, sufuria zikigongana, Nduta akiwagawia, na nani alipewa nini, nani alilia anataka bawa, nani alikataa mchuzi, hayo yote yalibaki upande ule wa mlango. Hakuna aliyemfukuza jikoni. Hakuna aliyemwita pia. Nyumbani kwake mwenyewe alikuwa mgeni, na mgeni hajui kinachopikiwa wenyeji.

— Hata chai, Baba Ngendo, Warigia aliuliza polepole. Anaweka sukari?

— Sijui, Gicheru alisema.

Hakuna aliyemcheka. Bishop aliangalia viatu vyake. Kamati alianza kusema kitu juu ya wasichana wa siku hizi na sukari, akakiacha katikati.

— Si umpigie basi, Warigia alisema. Ni kuuliza tu.

Gicheru akatoa simu, akasimama, akapiga hatua tatu kutoka kwenye benchi. Ilisikika ikiita, kisha sauti ya Ngendo, na nyuma yake upepo wa Endarasha.

— Baba?

— Ngendo. Nilitaka kukuuliza. Unapenda kula nini?

Upepo ukapungua upande ule, kama vile ameingia garini.

— Baba, kwani uko mgonjwa?

— Hapana. Siko mgonjwa. Nauliza tu, ndiyo nitayarishe.

— Ah. Usijisumbue. Nitakula chenye kiko.

Maneno hayo Gicheru aliyajua. Kule lodge mgeni akisema hivyo, humwachi. Unainama kidogo, unamwambia, lakini jana uliipenda ile laini, nikuletee hiyo tena? Na uso wake unafunguka, kwa sababu kuna mtu amemwona. Aliinama pale kando ya barabara, simu sikioni, akiwa tayari kusema hivyo. Akatafuta jana. Akatafuta mwaka jana, akarudi nyuma mpaka Ngendo akiwa na meno ya utotoni, asipate hata sahani moja.

— Baba, uko hapo?

— Niko.

— Sawa basi. Saa kumi.

Akarudi akaketi mahali pake. Akavifunga vipande vya jibini vilivyobaki, kimoja kimoja, akavirudisha mfukoni pamoja na chupa.

— Amesemaje? Kamati aliuliza.

— Amesema atakula chenye kiko.

— Si basi, Kamati alisema kwa furaha, akampiga begani. Mambo imeisha. Huyo hana maneno, ni mtoto mzuri. Chenye kiko uko nacho hapo kwa mfuko.

— Dedan, Gicheru alisema, na hakuna siku aliyowahi kumwita Kamati kwa jina lake, miaka thelathini na moja nimeulizia watu chakula. Mtu akikwambia atakula chenye kiko, ni mtu ameketi kwa meza ya watu hawamjui. Na huyo ni mtoto yangu.